Mpiga-hodi Hayumo Kitabuni

Nyumba Na. 27, Ghorofa ya Pili,
Mtaa wa Wachapaji,
S.L.P. 618.

Jumatatu, 10 Novemba

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wa mama,

Pokea salamu za kaka yako, na barua hii ikukute mzima, wewe na wote walio chini ya paa hilo. Presha imeshuka? Dawa unakunywa kama ulivyoandikiwa, au bado unakata kidonge nusu ukidhani unaweka akiba? Na shemeji, mgongo umemruhusu kuinama, au bado anaokota vitu kwa kuwaamuru wajukuu?

Mimi sijambo, kwa kadiri ya umri. Goti la kushoto linatabiri mvua kuliko redio. Jicho nililofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho mwezi wa tatu limepona vizuri, na limeniletea mambo. Nilikuwa nikiamini kwamba kuta za chumba changu ni za rangi ya chai ya maziwa. Kumbe ni nyeupe. Miaka mingapi nimeishi ndani ya chai, sijui.

Barua yako ya mwezi wa tisa niliipata, na nimeisoma mpaka mikunjo yake imeanza kukatika. Kusikia kwamba mpwa wangu amehamishiwa kufundisha shule ya hapo karibu kulinifurahisha sana. Kusikia kwamba yeye na watoto wake watatu wanalala sebuleni, na kwamba magodoro yanakunjwa kila asubuhi kabla mgeni hajabisha, kulinichoma. Maana najua chumba kilichofungwa, hatua nne kutoka kwenye magodoro hayo, ni cha nani. Najua kwamba kila Jumamosi unakifungua, unafagia, unaachia dirisha lipumue, kisha unarudisha kufuli. Miaka arobaini na mmoja.

Ukaniuliza bila kuzunguka: "Kaka, unarudi au hurudi? Nijue moja." Hukuongeza neno. Nitakujibu humu humu, usidhani nakwepa. Lakini mpaka Ijumaa sikuwa na jibu, na sasa ninalo, na nililipata mahali ambapo usingenitafuta hata kwa tochi. Kwa hiyo nivumilie nilieleze kwa utaratibu wake.

Ilianzia kwenye jicho. Daktari alinitazama akaniambia macho yangu yamezoea sentimita thelathini. Ni kweli. Miaka thelathini na moja niliyofanya kazi ya usahihishaji kwenye kiwanda cha uchapaji nilikuwa nikiwinda nukta zilizopotea na herufi zilizogeuka, na hata baada ya kustaafu nasoma kila kitu, mpaka karatasi iliyofungiwa sabuni. Akaniamuru nitafute kazi ya kuangalia mbali. Nikamuuliza kazi gani hiyo, akasema hajui, labda nikae dirishani.

Nikakaa dirishani. Ndipo jirani wa chini akaniokota. Huyu ni mzee aliyegawa barua kwa baiskeli mji mzima mpaka posta ilipomstaafisha, na jina lake kwa watu wote ni Posta. Alikuwa anajua madirisha yote ya mtaa huu, na dirisha langu, lenye mzee aliyekaa bila kutazama chochote, lilimwudhi. Alipanda ngazi siku moja akiwa na darubini mbili shingoni. Moja nzima, yake. Nyingine ina ufa kwenye kioo cha kulia, akanivisha mimi.

Akaniambia, "Jicho bovu, darubini mbovu. Mtapatana."

Ndivyo nilivyoingia katika kikundi cha watazama ndege wa mji huu. Usicheke. Wako kama ishirini hivi: wastaafu, mpishi wa hospitali, dereva mmoja wa winchi, na kiongozi wao ni mwanamke mfamasia. Duka lake liko kwenye kona, lina kengele mlangoni, na yeye mwenyewe huongea kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa: polepole, mara moja tu, na ole wako ukose kusikiliza.

Kila mwaka, Jumamosi ya pili ya mwezi huu, wanahesabu ndege. Si kwa mchezo. Mji umegawanywa vipande, kila kipande watu wawili, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu. Mmoja anahesabu, mwingine anaandika fomu, na wote wawili wanatia sahihi. Orodha zinapelekwa makao makuu, zinalinganishwa na za mwaka jana na za miaka mingine, ili ijulikane nani ameongezeka, nani amepungua, na nani haonekani tena. Mdogo wangu, mimi niliyeondoka nyumbani na jina langu likafutwa kwenye daftari la mtaa wiki ile ile, niliposikia kwamba kuna watu wanaamka alfajiri ili kuuliza nani haonekani tena, nilisema niandikeni.

Mafunzo yalifanyika dukani kwa Mfamasia, baada ya kufunga. Hutaamini alivyotufundisha. Alichukua sinia la kuhesabia vidonge, akamwaga vidonge vilivyokwisha muda, akahesabu moja, mbili, kisha akafunika kwa kitambaa. Vingapi? Nilisema arobaini. Vilikuwa sitini na vitatu. Akamwaga tena. Nikasema themanini, vilikuwa hamsini. Posta akasema afadhali mimi niwahesabu miguu halafu tugawanye kwa mbili.

Mfamasia hakucheka. Alinitazama akasema, "Mzee, wewe unasoma. Unaanza juu kushoto. Ndege hawatakungoja umalize mstari. Usisome. Tazama."

Akanionyesha: kamata kumi kwa jicho, ujue kumi wana ukubwa gani, kisha uone kundi lina kumi ngapi. Nilifanya mazoezi nyumbani wiki nzima kwa maharage. Nilikuwa nikiyamwaga mezani, nayafunika na gazeti, na kwa mara ya kwanza maishani gazeti likanifaa bila kulisoma.

Alitupa sheria tatu na kutukaririsha kama watoto. Usihesabu aliyekwisha hesabiwa. Usiandike ambacho mwenzako naye hakukiona, isipokuwa ukithibitisha. Na usipojua ni ndege gani, andika "sijui," kwa maana sijui si aibu, na ukurasa una nafasi ya kutosha.

Basi Jumamosi tukapangiwa mimi na Posta kipande cha mabwawa, yale ya kusafishia maji taka ya mji, nyuma ya karakana za reli. Najua unakunja pua. Mwanzoni hata mimi nilikunja. Ni mabwawa manne ya mstatili, yamezungukwa na matete marefu kuliko mtu, kuna njia ya zege katikati, na nyumba ndogo ya pampu upande wa pili. Harufu ni ya kwanza tu; dakika kumi baadaye pua inakata tamaa, inakuacha ushughulike na macho.

Na macho yalishughulika! Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, ukawa unainuka kidogo kidogo, na kila ulipoinuka kulikuwa na kitu chini yake. Bata maji, kumi, ishirini, thelathini na wanne. Yangeyange wamesimama ukingoni weupe kama nguo zilizoanikwa. Kulasitara mmoja, peke yake, shingo imekunjwa, amesimama kwa namna ile ile ya mhasibu wetu wa zamani pale kiwandani alipokuwa akingoja umalize maelezo yako ili akukatalie. Nilimwonyesha Posta mfanano huo. Akasema huyo ni mmoja, andika mmoja, acha kumtafutia kazi.

Posta anahesabu kama alivyokuwa akichambua barua, midomo inacheza, kidole gumba kinagonga kidole cha shahada. Mimi nilikuwa mwandishi. Mwandiko wangu unaujua. Mpaka saa moja na nusu nilikuwa na aina kumi na nane kwenye fomu, zote zimenyooka, na nilijisikia mwepesi kuliko nilivyojisikia tangu tulipomzika wifi yako. Nasema hivyo na najua uzito wake.

Ndipo Posta akaniomba nimshikie zamu ya kuhesabu. Kuna haja ambazo wazee hawaziahirishi, akaingia nyuma ya vichaka. Nikabaki peke yangu kwenye njia ya zege.

Nikasikia hodi.

Unaijua. Mbili za haraka, kimya, kisha moja. Ko-ko. Ko. Kavu, kama kifundo cha kidole kwenye mbao. Mpiga-hodi wa mama! Yule aliyekuwa akigonga nyuma ya ukuta wa chumba changu kabla hakujapambazuka, na mama akiwa jikoni anamwitikia bila kuinua kichwa, "Karibu, mlango uko wazi," na sisi tunacheka chini ya shuka kila siku kana kwamba ni mara ya kwanza. Sijaisikia sauti hiyo tangu nilipotoka hapo na begi moja. Ikagonga tena. Ko-ko. Ko. Mara ndege wakaruka kutoka kwenye matete, kundi dogo, nikawakamata kwa jicho kama nilivyofundishwa. Saba. Wakapita juu yangu wakapotea upande wa reli.

Nikaandika: Mpiga-hodi, 7. Mwandiko ulinyooka.

Posta alirudi akifunga mkanda. Alisoma mstari ule, akanitazama usoni. Sijui aliona nini. Aliuliza kitu kimoja tu, kama nimewaona. Nikasema nimewaona. Akachukua kalamu akatia sahihi.

Saa tatu tulikusanyika kwenye chumba cha mikutano cha idara ya maji, kwenye meza ndefu, kila mtu na chai yake ya chupa. Mfamasia akawa anasoma orodha moja baada ya nyingine kwa sauti, kazi ambayo najua si rahisi, maana mwandiko wa dereva wa winchi ni kama kuku alipita. Alipofika kwetu alisoma mpaka mstari wa kumi na tisa, akasita.

"Mpiga-hodi," akasema. "Saba."

Mpishi wa hospitali akasema labda ni wakusanya kodi. Watu wakacheka, si kwa ubaya. Mfamasia akanyanyua mkono, kicheko kikaisha. Akaniuliza ndege huyo kwa jina lingine anaitwaje. Sikujua. Kwetu hana jina lingine. Akakitoa kitabu chake kikubwa cha picha, akakifungua mbele yangu, akaanza kuniuliza.

Ana ukubwa gani? Nikaonyesha kwa kiganja. Mkia mrefu au mfupi? Nikasema wa wastani. Mdomo umepinda au umenyooka? Umenyooka, nikasema, kwa sababu anagonga. Jicho lina duara? Kifua kina madoa? Miguu ina rangi gani?

Alikuwa akiuliza kwa upole kabisa, kalamu mkononi, tayari kuandika chochote nitakachosema. Mimi niliyekuwa nikitambua aina ya herufi kutoka upande wa pili wa chumba sikuweza kusema miguu ya ndege huyo ina rangi gani. Nikakumbuka kitu kingine, nacho kilinishtua zaidi: sikumbuki kumwona. Hata siku moja. Nilikuwa nimelala, ukuta ulikuwa katikati yetu.

Posta akadhani wananionea. Akasimama. "Huyu mzee amesahihisha vitabu miaka thelathini na moja," akawaambia. "Koma ikihama anaisikia. Akisema saba, ni saba. Na mimi nimetia sahihi."

Hapo nikafahamu nilichokuwa nimefanya. Posta ana miaka kumi na moja katika hesabu hii, na hajawahi kukatwa mstari hata mmoja. Ni fahari yake, kama wengine wanavyojivunia meno yao.

Mfamasia alisema hatakata. Alieleza kwamba ndege wanaofanana na maelezo yangu wanaishi mbali sana na hapa, na kama kweli wamefika itakuwa mara ya kwanza, na itabidi makao makuu yaletewe maelezo kamili. Kwa hiyo ataacha mstari huo wazi mpaka Jumatatu asubuhi. Alipofunga kitabu akaniinamia akasema polepole, wengine wasisikie, "Mimi sikuwepo. Wewe ndiye ulikuwepo. Utakachoniambia Jumatatu ndicho nitakachotuma."

Jumapili alfajiri niligonga kwa Posta. Alikuwa amekwisha vaa viatu. Hakuuliza tunakwenda wapi.

Tulisimama pale pale kwenye zege. Ukungu ule ule, kulasitara yule yule na kinyongo chake. Tulingoja hata miguu ikaanza kuingia ganzi. Kisha ikaja. Ko-ko. Ko. Nikamshika Posta mkono. Yeye alikuwa tayari amegeuza darubini, si kwenye matete, bali kwenye nyumba ya pampu. Akaitazama muda mrefu. Kisha akaivua shingoni, akanipa ile nzima.

Alikuwa mtu wa pampu. Mwanamume mnene, kofia ya sufu, amechuchumaa kwenye bomba. Valvu ilikuwa imekwama, naye alikuwa akiigonga kwa nyundo: mara mbili, anasikiliza, mara moja. Kwenye nyundo ya tatu au ya nne mnana wakaruka kutoka kwenye matete yaliyo karibu naye, wale wale wa manjano wanaosuka viota kila mahali, wakatupita juu wakaelekea upande wa reli. Safari hii walikuwa tisa.

Posta alikuwa anaangalia maji.

"Mlango wenu," akasema, "umekuwa wa chuma."

Nikacheka, na kucheka kukageuka kitu kingine, na Posta akajishughulisha sana kufuta vioo vya darubini mpaka nilipomaliza. Nikamwomba radhi kwa ajili ya sahihi yake. Akanijibu, "Miaka kumi na moja bila kosa. Watu walikuwa wameanza kunishuku."

Leo asubuhi nilikwenda dukani. Mfamasia akanisukumia fomu juu ya kaunta na kalamu nyekundu. Nikaweka alama ya kufuta, ile ambayo nimeiweka kwenye kurasa za watu wengine mara elfu, mstari na kitanzi mwishoni. Pembeni nikaandika: "Aliyesikika ni fundi wa pampu. Walioonekana ni mnana, 7." Akasoma, akaongeza saba kwenye hesabu ya mnana, akanishukuru kama mtu aliyemletea kitu. Nilipofika mlangoni akaniuliza kama mwakani pia aniandike. Nikasema aniandike.

Nimerudi nyumbani nikakaa mezani, na tangu hapo sijainuka. Kwanza nilichora nyumba yetu. Mlango wa jikoni nilijua. Ngazi ni tatu, nilijua. Lakini mlango wa chumba changu, unafungukia ndani au nje? Dirisha lina vioo vinne au sita? Mama alipokuwa akimwitikia yule ndege, alikuwa anashika nini mkononi? Sauti yake naisikia mpaka pumzi iliyo kati ya "karibu" na "mlango." Uso wake ninao ule wa kwenye picha tu, na siku ya picha alikuwa amekasirika. Nilipofika mwisho, karatasi ilikuwa imejaa "sijui," na zote zimenyooka.

Kwa hiyo nikuambie ukweli, nawe umeshaujua. Miaka ile ya mwanzo sikuweza kurudi. Mpaka ulikuwa umefungwa na majina yetu sisi tuliokimbia yako kwenye orodha mbaya. Lakini njia imefunguliwa miaka kumi na tisa sasa, na kila mwaka nimekuandikia "mwakani." Nilisingizia kazi, halafu ugonjwa wa wifi yako, halafu kaburi lake, halafu jicho. Wakati mwingine ilikuwa kweli. Mara nyingi nilikuwa nalinda kitu. Mahali hapo palikuwa pazima kabisa kichwani mwangu, kila kitu kiko mahali pake, hakuna aliyezeeka. Niliogopa kuja kupatazama.

Na wewe, kwa ajili ya kitu nilichokuwa nalinda, umefagia miaka arobaini na mmoja. Na watoto wa mpwa wangu wanakunja magodoro.

Jibu langu ni hili. Sirudi kuishi. Ondoa kufuli, usisubiri Jumamosi. Chumba mpe mpwa wangu na wanawe, leo hii, na usimwambie kwamba ni cha mjomba. Mwambie ni chake, apake rangi anayoitaka. Vitabu vyangu watoto wakivitaka wachukue, wakitaka kuvichorea wachoree. Kitanda kama bado kinasimama wakilalie. Nguo choma. Barua zilizo kwenye sanduku la bati, ambazo najua umekwisha zisoma, usijifanye, weka wewe.

Lakini nitakuja. Mwezi wa nne, daktari akishamaliza na jicho la pili, nitakuja wiki tatu. Nitalala sebuleni kwenye godoro, na asubuhi nitalikunja mwenyewe. Siku mbili nichukulie kama mgeni, ya tatu nipe jembe. Baada ya wiki tatu nitarudi huku. Nimeusoma tena mstari huo, "nitarudi huku," kalamu nyekundu iko hapa mezani, na nimeuacha ulivyo. Ni mara ya kwanza kuliandika neno hilo kwa upande huu. Lisikuumize; mimi limeniuma kwa niaba ya wote wawili.

Wasalimie wote. Shemeji mwambie nimejifunza kuhesabu kumi kwa jicho moja, kwa hiyo siku ya karata asijaribu kuficha. Mpwa wangu mpe mkono wangu, na hao wanawe watatu, ambao mmoja sijui hata anafananaje, wabusu kwa umri, mkubwa kwanza. Shangazi wa ng'ambo ya barabara, kama bado anasikia, mpigie kelele sikioni kwamba nimemtaja. Kaburi la mama na la baba lisafishie upande wangu. Mungu akuweke, akupe usingizi mzuri na presha ya msichana.

Nina ombi moja tu, nalo si la kesho, ni la asubuhi utakayoweza. Amka kabla hakujapambazuka, vaa sweta, zunguka nyuma ya ukuta usimame kimya. Akigonga, usimwitikie. Mtafute, mtazame vizuri, uniandikie miguu yake ina rangi gani. Usiniandikie unavyokumbuka, toka nje uone. Na kama siku hizi hagongi tena, niandikie kwamba hagongi. Nitakuja vilevile.

Ni mimi, kaka yako akupendaye kwa miaka yote hii na kwa iliyobaki,

Mjomba wa Mbali